Mtandao wa Marekani Unaninyima Apdeti Nikiwa Sakina

Sijawahi kukanyaga Marekani. Sina laini ya kule, sina mjomba kule, na hakuna kampuni ya simu ya kule niliyowahi kuilipa hata senti moja. Ila kuna mtandao mmoja huko (jina naliacha) ndo ulikuwa unaamua simu yangu ipate apdeti lini, na mimi nipo zangu hapa Sakina, Arusha, nauza vocha na kutoa fotokopi, yaani mpaka leo nikilifikiria hili jambo nachoka kabisa.

Kwa wasiojua mambo ya huku kwetu, simu nyingi kali zinazozunguka Arusha na Moshi zinakuja na wageni. Mgeni anapanda Kilimanjaro, anashuka geti la Mweka kachoka ila kafurahi, siku ya tipu anagawa buti, jaketi, tochi ya kichwani, na wengine wanaacha na simu, labda aliyokuja nayo kama ya akiba, labda anajua akirudi kwao anachukua mpya kwa mkataba. Binamu yangu ni mgumu, kwa maana ya mpagazi wa mlimani, alipewa Samsung moja ya maana, akaitumia msimu mmoja akaniuzia kwa bei ya undugu. Laini ilikuwa imeshafunguliwa. Nikaweka ya Voda ikasoma, nikaweka ya Airtel ikasoma, 4G inakamata vizuri, na kamera ndo usiseme.

Ukiiwasha tu, kabla hata ya kitu kingine, inatokea nembo ya ule mtandao. Kubwa, katikati ya kioo. Halafu ndani kuna programu zao kama tano hivi ambazo hazifutiki, unaweza kuzizima tu, kuna ya kulipia bili ya Marekani, kuna ya kuhifadhi picha kwao, kuna moja mpaka leo sijui kazi yake ni nini. Hayo niliyavumilia. Kilichonitoa kwenye mudi ni siku nimeingia kwenye setingi nikaangalia tarehe ya pachi ya usalama (yale marekebisho ya kuziba matundu ya wadukuzi), ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, nikabonyeza kutafuta apdeti, ikazunguka weee, ikaniambia simu yako iko sawa, hakuna kipya. Shoga yangu wa Njiro ana simu ya jina hilo hilo, ya kwake kainunua dukani kwenye boksi, toleo la kimataifa, na yake ilikuwa inapata pachi bila shida yoyote. Jina moja na umbo moja, ila yake inapata na yangu ndo inaambiwa iko sawa.

Sasa ngoja nieleze inavyokwendaga, maana watu wengi wanadhani apdeti inatoka tu hewani. Google wanatoa Android mpya, ule mfumo unaoendesha simu. Inaenda kwa watengeneza chipu, Qualcomm, MediaTek na wenzao, waiweke sawa na chipu zao. Halafu mwenye simu anaichukua anaweka manjonjo yake, Samsung anaweka One UI, Tecno anaweka HiOS, wanaijaribu, wanarekebisha. Kwenye nchi nyingi hapo ndo mwisho, apdeti inatumwa. Ila kwa simu iliyouzwa na mtandao wenyewe, na Marekani ndo kiwanja chao hicho, kuna geti moja zaidi, apdeti inapelekwa kwenye ofisi za mtandao nao waipime wanavyotaka wao, na wasipogonga muhuri haitoki. Wanaweza kuchukua wiki, wanaweza kuchukua miezi, na wanaweza kusema hii tunairuka. We mwenye simu huna pa kuuliza. Hebu fikiria kampuni ya umeme ije ikwambie friji lako lisiguswe na fundi mpaka wao walikague kwanza, na mkaguzi yuko likizo.

Na hili si jambo la jana. Mwaka 2010 Samsung walivyotoa Galaxy S ya kwanza kabisa, kila mtandao mkubwa wa Marekani ulitaka ya kwake na jina lake, T-Mobile wakaiita Vibrant, AT&T wakaiita Captivate, Verizon wakaiita Fascinate, Sprint wakaiita Epic 4G. Simu ile ile moja imegeuka simu nne, kila moja na apdeti yake ya kusubiri. Android 2.2 ilitoka katikati ya 2010, waliokuwa na hizo simu Marekani wengi wakaiona mwaka uliofuata, wakati huo Google ameshatoa nyingine juu yake.

Mwezi Mei 2011 Google wakapanda jukwaani na watengeneza simu pamoja na mitandao, akina Verizon, AT&T, Sprint, T-Mobile na Vodafone, wakaahidi mbele ya watu kwamba simu mpya zitakuwa zinapata apdeti kwa miezi 18 tangu zitoke. Ikapigiwa makofi. Haikufika popote. Tena simu iliyokuja kuwaumbua ni ya Google wenyewe, Galaxy Nexus, ambayo Verizon walianza kuiuza Desemba 2011. Ya kimataifa ilipata Android 4.1 mwezi Julai 2012, ya Verizon ikasubiri mpaka Septemba. Na ilikuwa simu iliyotengenezwa makusudi iwe ya kwanza kupata kila kitu!

Microsoft nao walikiona. Windows Phone ilikuja mwishoni mwa 2010 haina hata kopi na pesti, apdeti ya kuleta hiyo kopi na pesti ikatoka Machi 2011, watu wakaisubiri mpaka Microsoft ikabidi waweke jedwali hadharani, mtandao fulani simu fulani, hii bado inajaribiwa, hii inapangwa, hii inatumwa. Kampuni kubwa kama ile, imekaa inajaza jedwali la kuwaeleza wateja wake kwa nini hawezi kuwapa kitu chake mwenyewe. Baadaye, 2013, wakafungua kimlango wakasema ni cha watengeneza programu, ila mtu yeyote aliweza kujisajili akachukua apdeti moja kwa moja bila kupitia mtandao. Wakajifanya hawaoni. Hiyo niliipenda.

Aliyekataa huo mchezo tangu siku ya kwanza ni Apple. iPhone ya 2007 iliuzwa Marekani na AT&T peke yao, lakini apdeti zilibaki mikononi mwa Apple, na mpaka leo iPhone ya Verizon, iPhone yenye laini ya Halotel na iPhone isiyo na laini kabisa zinapata iOS mpya siku moja. Mtandao unaruhusiwa kutuma kafaili kadogo ka setingi zake basi. Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani. Inawezekana, ni nani tu ana ubavu wa kuikatalia mitandao.

Nisiwaonee lakini. Mitandao ina hoja na si hoja ya kijinga. Apdeti ikigusa modemu, ile sehemu inayoongea na mnara, inaweza kuharibu kupiga simu, na kule kwao kuna mambo ya kupiga kupitia 4G, kupiga kupitia waifai, na namba yao ya dharura 911 ambayo ikigoma mtu anaweza kufa. Na imeshatokea apdeti mbovu, tena kwa hao hao Apple, Septemba 2014 walitoa iOS 8.0.1, watu wenye iPhone 6 wakajikuta hawana mtandao kabisa, simu imegeuka iPod. Mitandao ikipima kabla, labda hilo lingeonekana. Sawa. Ila angalia kilichofuata, Apple waliiondoa haraka siku hiyo hiyo, na kesho yake 8.0.2 ikawa imetoka. Siku moja! Kwa sababu njia yote ilikuwa ya kwao. Sasa ingekuwa ndo lile geti la mitandao, hiyo dawa nayo ingepanga foleni.

Halafu kuna apdeti na apdeti. Kama ni rangi mpya za menyu na emoji, mi nikisubiri mwaka sifi. Pachi ya usalama ndo habari nyingine. Julai 2015 lilitangazwa tatizo lililoitwa Stagefright, ubaya wake ni kwamba mtu alikuwa anaweza kukutumia ujumbe wenye video, MMS, na simu inaanza kuichakata kabla hujaigusa, ukawa umeingiliwa umelala. Karibu simu zote za Android za wakati huo zilikuwa na hilo tundu. Marekebisho yalikuwepo, shida ni namna ya kuyafikisha kwenye simu za watu, maana kila simu ina foleni yake. Baada ya aibu hiyo ndo Google, kuanzia Agosti 2015, wakaanza kutoa pachi kila mwezi, na Samsung wakasema nao watafuata. Na walikuwa wameshaonywa, Aprili 2013 wanaharakati wa haki za raia kule, ACLU, walishapeleka malalamiko kwa tume ya biashara ya Marekani, FTC, dhidi ya mitandao minne mikubwa kwamba inauza simu zenye matundu yanayojulikana na haiwapi wateja marekebisho. Mwaka 2016 serikali ikaziandikia kampuni za simu na mitandao zijieleze, ripoti ikatoka Februari 2018, maneno mazuri, mapendekezo mazuri, na geti likabaki pale pale.

Kilicholegeza mambo kidogo ni Google kutafuta njia ya pembeni. Mwaka 2017, na Android 8, walitenganisha sehemu ya chipu na sehemu ya mfumo ili mtengeneza simu asianze upya kila mara, na 2019, na Android 10, wakaanza kuzirekebisha baadhi ya sehemu za ndani kupitia Play Store moja kwa moja, bila kumuuliza mtengenezaji wala mtandao. Ndo maana ukiingia kwenye setingi za usalama utakuta tarehe mbili, moja ya pachi ya usalama na nyingine ya mfumo wa Google Play. Kwenye simu yangu tarehe ya pili ilikuwa inasogea, ya kwanza imeganda. Hata Chrome inakuja kwa njia hiyo ya Play. Kwa hiyo sikuwa uchi kabisa, nilikuwa nimevaa nusu.

Na kabla mtu hajaniambia kwani una nini cha kuibiwa dada, simu ya mwenye kibanda ndo benki yake. Miamala ya M-Pesa ya *150*00# haitegemei Android mpya, hiyo hata kiswaswadu inafanya, lakini siku hizi nina programu ya benki, nina barua pepe ya kibanda, na wateja wananitumia vyeti na vitambulisho vyao kwa WhatsApp niwachapishie. Nyaraka za watu wa Sakina nzima ziko mle. Tundu likibaki wazi, wanaoumia ni wao kabla yangu.

Nikampelekea fundi mmoja wa Barabara ya Sokoine, juu ghorofani, kachumba kana feni moja na simu zilizofunguliwa matumbo kila mahali. Hata hakuuliza maswali, akapiga *#1234#, yakatokea maandishi matatu, AP, CP na CSC, akaninyooshea kidole kwenye namba ya modeli ya simu.

"Unaona hii U mwishoni, dada? Hii ni ya mtandao wa Marekani. Ya duka ya kimataifa inakuwaga na F au B. Na ile ya Marekani isiyo na mtandao ni U1."

"Sasa kwa nini haipati apdeti, si nimeiunga na waifai?"

"Waifai haihusiani. Simu ikiuliza apdeti inajitambulisha kwa hii CSC, inasema mimi ni wa mtandao fulani. Wale jamaa hawana habari na wewe."

Nikamwambia basi iweke ya kimataifa kama ya shoga yangu. Akacheka. Kumbe haiwezekani, maana miaka hiyo Samsung za Marekani zilikuwa zinawekewa chipu ya Qualcomm na za kimataifa Exynos yao, mfumo wa moja hauingii kwenye nyingine. Halafu za Marekani butiloda yake imefungwa, yaani ile sehemu inayoamka kwanza kabla ya Android haikubali mfumo ambao haujasainiwa na Samsung. Kinachowezekana ni kuivisha mfumo wa U1, ule usio na mtandao, ambao ni wa Samsung halali kabisa, chipu ni ile ile. Akanionya vitu viwili. Cha kwanza, kila kitu kinafutika. Cha pili, butiloda ina namba yake, na kila ikipanda hairudi nyuma, kwa hiyo akishaiweka mpya nikasema siitaki basi nimekwisha.

"Na programu ya benki itakubali?" maana nimesikia watu wakiruti simu, yaani kuvunja kufuli za mfumo wake, benki zinawakataa.

"Hii si kuruti. Knox, ule ulinzi wa Samsung, haiguswi. Hapa tunairudisha tu ilivyotakiwa iwe."

Faili lenyewe lina GB kadhaa, alilipakua usiku kwa bando la usiku, kesho yake nikarudi nikakaa kwenye stuli namwangalia. Kompyuta yake ya zamani, kibodi haina herufi, kafungua programu ya Odin ambayo mafundi wote wanaijua, ina visanduku vyake BL, AP, CP, CSC, akaweka faili moja moja, akachomeka waya, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Umeme ukicheza hapo, nikawaza, nimeliwa, maana kompyuta yenyewe betri yake ilishakufa. Kaweka jenereta dogo nje kwenye korido kwa ajili hiyo hiyo. Ikamaliza, simu ikajiwasha, na ile nembo ya Marekani haikutokea. Zile programu zao hazipo. Nikaingia kwenye setingi, nikatafuta apdeti, ikashuka. Ikashuka na nyingine. Fundi akachukua elfu thelathini yake, akaniambia neno moja nililolipenda, eti "hawa Wamarekani hawauzagi simu, wanakodisha."

Elfu thelathini si nyingi, ila niambie ni kwa nini niilipe. Samsung siku hizi wanatangaza miaka 7 ya apdeti kwa Galaxy S24 na kuendelea, Google nao miaka 7 tangu Pixel 8, Umoja wa Ulaya kuanzia Juni 2025 wana sheria kabisa ya miaka isiyopungua 5. Nzuri sana. Ila hizo ahadi zinasomwa na mtu anayenunua simu mpya, kule. Simu ikishavuka bahari, kwa mkono wa mgeni au kwa kontena la Dubai, inafika Arusha na geti la zamani limebebwa humo humo ndani, na geti hilo halijui kwamba mwenye simu amebadilika.

Hapa kwetu sijawahi kuona mitandao ikitufanyia hivyo, tuseme ukweli. Vodacom, Airtel, Yas (ambayo nusu ya wateja wangu bado wanaiita Tigo), Halotel, TTCL, wao zaidi wanauza laini, simu wengi tunanunua kwingine, kwa hiyo hakuna wa kusimama katikati. Kinachotuchelewesha sisi ni bando, mtu akiona apdeti ya GB 2 anaifuta taarifa haraka kabla haijajipakua, na simlaumu. Serikali imegusa simu zetu mara moja kwa nguvu, Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, na hapo ndo mji mzima ulijifunza kupiga *#06# kuangalia IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu. Siku hizo hata bibi alikuwa anajua IMEI ni nini. Wangeweza kutufundisha na tarehe ya pachi.

Ninachokiona sasa hivi ni hizi simu za mkopo. Unalipa kianzio, unachukua simu, kila siku unalipa kidogo, na ndani kuna programu ya kuifunga usipolipa, haifutiki. Mi sina shida na mkopo, ungekuwepo zamani ningechukua. Ila nilimsindikiza mdogo wangu Moshi, duka moja karibu na stendi, naye anataka simu hizo, nikamuuliza muuzaji, hii programu ya kufunga, akimaliza deni inatoka? Akasema inatoka. Na apdeti, zinatoka kwa kampuni ya simu au mpaka nyie mruhusu?

Akamwangalia mwenzake. Mwenzake akaniambia, "Dada, hii simu ni mpya, ina apdeti zote."

Nikamwambia leo ndiyo, nauliza mwakani.

"Mwakani si atakuwa ameshamaliza deni?"

Nikaomba waniandikie hilo kwenye mkataba, kwamba apdeti haipiti kwao. Wakasema mkataba unatoka Dar hivyo hivyo ulivyo, hawana ruhusa ya kuongeza kitu. Dogo akawa ananikanyaga mguu chini ya meza, foleni nyuma yetu imeanza kulalamika, na kalamu wameshampa.